Mpira Uliovuka Ukuta wa Chuo

Khamisa! Niko hapa chuoni Nizwa nacheka peke yangu, wallahi.

Leo Radhia wetu, aliyekuwa akicheza softiboli, ule mchezo wa gongo, kasimamia mechi yake ya kwanza kama kocha mkuu. Baba yake hataki, kamwambia mpira si kazi. Kamleta na gari kutoka Ibra bila ya kusema naye neno. Wanaume hawaingii mechi za wasichana, kakaa nje.

Basi Lamya, mchezaji wake, kaupiga mpira, ukenda kombo, ukavuka ukuta. Ukuta, Khamisa!

Mara ukarudi, tap, mikononi mwa Radhia. Na sauti ya baba yake nyuma ya ukuta, kumbe anachungulia: "We kocha! Mwambie huyo binti ainue kiwiko!"

 Radhia kapiga kelele: "Haya, baba!"

Mzee kamwita kocha, Khamisa. Kocha!