Mguu wa Kushoto wa Mzee wa Ngoma

Saltillo, wiki moja baada ya sikukuu

Kaka yangu Evaristo,

Pokea salamu zangu, na za Baba pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Natumaini joto la Juárez halijakumaliza na kwamba huko kiwandani mnapata walau nafasi ya kunywa maji. Sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya Baba, ambayo yamegoma kabisa. Siku hizi akishuka ngazi huyatukana moja moja, kila goti na tusi lake.

Nisikuzungushe. Unaijua nadhiri ya Baba. Ulipokuwa mchanga na homa ikakushika, alimwahidi Santo Kristo kwamba ukipona, maadamu yeye mwenyewe yu hai, mtu wa damu yake atacheza kila mwaka mbele ya kanisa akiwa amevaa kinyago cha Mzee wa Ngoma, yule mchekeshaji wa kundi. Na mwaka ule ulipokubali kukivaa, kisha ukaenda zamu ya ziada kule kiwanda cha magari, unaukumbuka kuliko mimi. Baba alicheza mwenyewe na goti limevimba, jioni akakwambia usikanyage tena mlangoni pake. Mkaidi mmoja akaondoka, mkaidi mwenzake akabaki anautazama mlango.

Mwaka huu hakuweza hata kuinama kufunga viatu. Akamwomba Don Fidencio, mpiga ngoma wetu, amtafutie mtu wa kukivaa kinyago. Fidencio akajibu kwamba nadhiri si koti la kuazimana. Kama damu yake haipo, ngoma itatoka bila Mzee. Baba akaacha kula. Nikamkuta uani anakipangusa kinyago taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

Nikamfuata Fidencio nikamwambia damu ipo, ila imevaa sketi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema tangu enzi za mababu Mzee ni mwanamume, lakini macho yake siku hizi ni mabovu, hayaoni chini ya kinyago. "Ukichekesha watu, Obdulia, wewe ndiye Mzee. Usipochekesha, wewe ni mwanamke aliyevaa koti la babake, na mimi sikujui."

Basi nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikamuaga Baba kama ninayekwenda kazini, nikavaa koti na kinyago, mjeledi mkononi. Kaka, nilichekesha. Kwa ile sauti nyembamba ya Mzee, isiyojulikana ni ya nani, nilimwambia jirani yetu Doña Eufrasia kwamba mikate yake ya kuumuliwa kwa pombe ya pulque mwaka huu ni laini, inafaa kupigilia misumari. Akanijibu, "Nenda zako, kikongwe we, meno yenyewe huna."

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango wa kanisa. Nilipofika kwake nikamtania kama Mzee anavyopaswa, nikamwuliza magoti kayaweka rehani wapi. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama miguu yangu.

Unajua ule mtindo wa kuuburuta mguu wa kushoto kabla ya kuruka. Ni wako. Utotoni ulicheza uani, mimi nikikufuata nyuma, na sikufundishwa mwendo mwingine. Baba akainuka kwa shida, akanishika shingo, akaniambia sikioni: "Evaristo, umekuja. Nisamehe, mwanangu. Hasira ilinizidi. Mlango haujawahi kufungwa, mimi tu nilishindwa kukwambia."

Mzee hafunui uso kabla ngoma haijaisha, wala hasemi kwa sauti yake mwenyewe. Nikaitikia kwa kichwa tu. Baadaye nilivua koti na kinyago nyuma ya gari la Fidencio, nikalia.

Sasa nakuungamia: sijamwambia. Tangu siku hiyo anakula, anapiga miluzi, na amewatangazia majirani kwamba ulikuja, ukacheza, ukaondoka kimya kwa sababu ya kazi, na kwamba kiburi hicho umekirithi kwake. Kila jioni huniuliza ni lini utakuja na uso wako.

Msamaha ule haukuwa wangu. Niliupokea kwa sababu nilikuwa nacheza kwa miguu yako, na sasa naukabidhi kwako neno kwa neno, kama nilivyousikia. Njoo umwambie ulikuwa wewe, au umwambie hukuwa wewe, sitakasirika. Nitanyamaza mpaka ubishe hodi.

Doña Eufrasia anakusalimu, na mikate yake atakuwekea, ujihadhari na meno. Kinyago kipo msumarini pake. Baba amenikataza kukipangusa, anasema jasho lako lisiondolewe.

Dadako akupendaye,
Obdulia