Yule Mgeni Aliyeosha Sufuria

Maskati, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Masanja kaniambia hutaki kuniitikia, basi nimeiweka hapa juu ya karatasi, ikusubiri mpaka siku utakayotaka kuipokea. Magoti yanaendeleaje? Na macho, wamekupa tarehe ya kwenda kutolewa huo ukungu, au bado mnazungushwa? Mpunga mmeshavuna? Mimi ni mzima. Neno hilo nitalieleza huko chini, maana ukiniona siku hizi hutasema mzima.

Masanja, mdogo wangu, wewe ndiye utakayemsomea mama. Soma taratibu, usiruke mahali hata ukikasirika. Maliza kwanza, ndipo ukasirike. Barua nimempa dada mmoja wa Butimba tunayefanya naye kazi, anakuja likizo.

Mama, nimeambiwa ulichosema. Kwamba mtoto aliyeshindwa kuja kumtupia baba yake hata kiganja cha udongo asikupigie simu. Na kwamba kile kiti changu cha mninga, siku ya arobaini kipelekwe kigangoni, akikalie katekista. Sikulaumu. Udongo kweli sikuutupa, nilikuta mmezika jana yake. Lakini nilikuja, mama. Nilikuwa hapo nyumbani Magu tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, na uliongea na mimi.

Ngoja nianze mbali kidogo, la sivyo mtasema Waarabu wameniharibu akili.

Mwaka jana kidonda cha mguu kilikataa kupona. Daktari akapima sukari, akanitazama kama mtu anayetazama nyumba inayoungua. Akasema kwa uzito ule na kusimama jikoni kutwa nzima, sitafika mbali. Wakanifanyia upasuaji. Walilikata tumbo la chakula, wakabakisha kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Kilichokatwa sijui walikipeleka wapi, sikuuliza. Nyumbani sikumwambia mtu. Ungesema nini, mama? Wewe uliyenipa jina Nyanzala kwa sababu nilizaliwa mwaka wa njaa, nikiwa mwembamba mpaka majirani wakakwambia usinizoee. Ukanilisha uji, ukanilisha michembe ya viazi, ukanilisha samaki mpaka nikawa Bonge, na kila paja langu ulilihesabu kuwa ushindi wako. Ningekwambiaje kwamba nimelala kitandani nikasaini wakuondolee ushindi?

Kidonda kilipona. Sukari ilishuka. Mwili ukaanza kuondoka, kila wiki kidogo, bila kuaga. Nywele nazo zilipukutika, nikazinyoa. Nikilala ubavu magoti yanagongana, inabidi niweke mto katikati. Ngozi yenyewe haikuondoka, imening'inia tumboni na mikononi, naikunja ndani ya nguo. Mlangoni bado napita kwa ubavu. Juzi mwenye mkahawa, yule mama mwenye asili ya Unguja, alinikuta nimejibana ubavu kwenye mlango wa stoo akauliza, "Unamkimbia nani?" Nikaona mlango wenyewe ungetupitisha mimi na yeye na gunia la mchele.

Watu hapa wananisifu. Wanasema nimekuwa kigori. Mwanamume wa duka la viungo ambaye miaka yote alinihudumia huku akitazama simu, sasa ananiita dada mrembo. Najibu asante. Ndani sisikii kitu, si furaha, si hasira. Nimekuwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Na njaa imekufa. Hilo ndilo nisilolizoea. Napika pilau ya watu mia, naonja kwa ncha ya kijiko, natema. Saa ya kula naweka kengele kwenye simu, maana bila kengele naweza kushinda hadi jioni bila kukumbuka. Nakula vijiko vinne, vitano. Cha sita kikiingia natapika. Nyanzala mzima hana njaa! Baba angecheka sana.

Baba sikumwambia. Mara ya mwisho kuongea naye aliuliza lile swali lake, "Unakula lakini?" Nikasema, "Nakula, baba, nimezidi kunenepa." Akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi kiti kitanisubiri, akizidi mtu kitazidishwa.

Kiti chenyewe mnakikumbuka. Ile likizo yangu ya mwisho, miaka sita sasa, kwenye harusi ya Masanja, kiti cha plastiki kilinivunjikia mbele ya wakwe, nikaanguka na sahani. Watu walicheka. Baba hakucheka. Alikusanya vile vipande, kesho yake akatoa mbao zake za mninga alizokuja nazo kutoka karakana ya Igogo, akanipima kiuno kwa kamba mbele ya kila mtu, kama anavyopima mlango. "Viti vya dukani," akasema, "vimetengenezwa kwa watu wasio na mifupa." Nilikikalia wiki mbili, nikarudi huku.

Masanja aliponipigia kwamba baba ametutoka, niliomba ruhusa nikakataliwa, nikamwambia hivyo. Siku ya pili yake mwenye mkahawa akaona sijalia, napika tu, akaogopa. Akaniita akasema, "Nenda. Mtu asiyelia ni wa kuogopwa." Nikapanda ndege usiku ule ule bila kumwambia mtu. Nilifika Mwanza alfajiri, nikachukua gari ya Magu.

Masanja alikuwa amekwenda kurudisha viti vya kukodi, nilielezwa. Wewe ulikuwa kwenye mkeka chini ya turubai na kina mama. Nikavua viatu, nikapiga magoti mbele yako. "Shikamoo, mama."

Ukanishika mkono, ukaupapasa mpaka kwenye kiwiko. "Marahaba. Pole na safari. Mtoto wa nani wewe?"

Mama yangu, hilo swali.

Najua macho yako. Najua unawatambua watu kwa kivuli na kwa mlio wa miguu. Zamani nikiingia tu uani ungesema kutoka jikoni, "Nyanzala huyo, ardhi imesema!" Siku ile ardhi haikusema. Hata sauti yangu imepungua, Masanja kwenye simu kila mara ananiuliza kama nina mafua. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, na kilichotoka ni, "Natoka Mwanza, mama. Mzee alitutengenezea milango."

"Alikuwa na mkono mzuri," ukasema. "Kaa, upumzike, utaletewa chakula."

Kukaa chini siku hizi kunaniumiza, mifupa inagusa ardhi moja kwa moja. Nikaona kiti cha mninga pale ukutani, kitupu, kimefutwa vumbi. Nikakiendea bila kufikiri, ni kiti changu. Shangazi Kabula akapiga kelele, "We dada! Siyo hicho! Hicho kina mwenyewe!"

Na wewe, mama, ukageuza uso kuelekea kule nilikosimama ukasema, "Samahani, mgeni. Ni cha binti yangu aliye Uarabuni. Viti vingine vinamvunjikia. Akifika atakaa wapi?"

Mama mmoja akasema, "Mama Nyanzala, si mmeambiwa haji?"

"Kiacheni," ukasema.

Nikakaa chini.

Kwa nini sikusema hapo hapo? Nimejiuliza tangu nirudi. Nilitaka kusema shangazi aliponiletea wali. Nikala vijiko vinne, nikaiweka sahani pembeni, na shangazi akaona. Mgeni kuacha chakula cha msiba! Alinuna. Halafu nikamsikia akimnong'oneza jirani, "Mwacheni tu, naye ni mgonjwa huyo. Hamuoni shingo? Hana siku nyingi." Wakaniangalia kwa huruma, wale wale walioniita Bonge. Nikafikiri, nikisema sasa kwamba mimi ndiye Nyanzala, mama atakuwa na misiba miwili kwenye turubai moja. Nani angenisikiliza nikieleza habari za hospitali na tumbo la ndizi? Hilo ndilo nililojiambia. Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu, mama. Wewe ulikuwa unamsubiri mtu mkubwa, na mimi nimemwacha huku.

Nikaenda kuosha vyombo. Muulizeni shangazi nani aliyelichukua lile sufuria kubwa lenye ukoko ambalo kila mtu alikuwa analikwepa. Nililisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa. Shangazi akasema, "Kumbe mgonjwa ana nguvu." Na wewe ulipoanza kutetemeka ule upepo ulipovuma, ni mimi niliyekufunika magoti kwa mtandio wa kijivu. Masanja, uangalie. Pembeni una alama ya kuungua, ni jiko la huku liliuunguza. Mama, kama bado unao, huo ni wangu.

Saa tisa nikasikia Masanja anakaribia kufika, nikaaga. Masanja ana macho. Ulinipa mkono ukasema, "Asante, mwanangu. Wasalimie nyumbani kwenu." Nikaitika. Kaburi nililiona nikipita, udongo bado mbichi. Nilisimama, nikasubiri machozi. Hayakuja.

Usiku nililala gesti Igogo, karibu na ilipokuwa karakana ya baba. Siku hizi wanauza vifaa vya simu pale. Asubuhi niliteremka mpaka kwenye mawe, nikalitazama ziwa. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaniambia, "Dada, kula hata kidogo," akaniwekea kiganjani. Nikawala mmoja mmoja, kama dawa. Ladha niliijua, ilikuwa ile ile ya utotoni. Iliishia mdomoni, haikushuka kunikuta. Kisha nikaenda uwanja wa ndege.

Hayo ndiyo yote. Nilimdanganya baba kwenye simu, nikakudanganya wewe usoni, na kesi unayonishitakia ndiyo pekee ambayo sina hatia nayo. Nisamehe hizo mbili. Kunisamehe ya tatu huna haja, nilikuja.

Siumwi, mama. Sina ugonjwa mnaoufikiri, Masanja nimemwekea vyeti vya daktari humu ndani, amwonyeshe mganga wa zahanati akitaka. Nimekonda kwa kisu, kwa hiari yangu, ili nisikatwe mguu. Kwamba nimepoteza na vingine nisivyovihesabu, hilo nalijua. Nasubiri virudi. Daktari anasema mwili hutangulia, akili hufuata kwa miguu. Yangu naona iko njiani bado, labda imekaa mahali inapumzika.

Likizo yangu nimepewa, nitafika kabla ya arobaini. Nitakuja mchana, nitapita mlangoni kifua mbele. Usinisikilize miguu, mama, haitasema kitu. Nishike mkono tena kama ulivyonishika. Hapo juu ya kiwiko kuna kovu la maji ya moto, uliniunguza mwenyewe ukinisongea ugali nikiwa na miaka mitano. Siku ile vidole vyako viliishia chini yake kidogo tu. Nilivihesabu.

Msalimie shangazi yangu Kabula, mwambie sufuria halikuwa na shida, ila ulimi wake una ukoko. Wifi yangu, mke wa Masanja, nampa pole ya kupikia umati. Mjomba wa mpungani naye nampa pole. Katekista msalimieni kwa heshima zote, na mumwombe radhi, atafute kiti kingine.

Maana hicho msikitoe, mama. Wala fundi asije akakipunguza ili kinienee. Nimekipiga hesabu hapa kitandani kwa kamba, kama baba. Nikikaa upande wa kulia, nafasi inayobaki ni yako. Siku ya arobaini tutakikalia wawili, na baba atakuwa hakukosea kipimo.

Ni mimi mwanao,

Nyanzala