Baraza ya Mama, Bila Musumari

Goma, siku ya Alhamisi

Yaya wangu Léonie, mrembo wa Butembo,

Nakusalimu wewe, nasalimu shemeji na tumbo lake, nasalimu watoto wote, hata yule anayeniumaga. Muko wazima? Sisi huku tunapumua. Mama anakula, mguu wake ungali ule ule, ulimi wake pia. Simu yako inasema haipatikani, njo maana naandika. Jirani yetu Mama Kasoki, muuza maharagi, atakuja kwa kuzungukia Uganda na atakuletea barua hii. Ukiona makosa, kumbuka shule ndiyo ilinifukuza, mimi sikuifukuza.

Habari kubwa ni kwamba mudogo wako sasa ni fundi. Usicheke. Nimemujengea Mama baraza ya mbao mbele ya mulango. Unajua kiwanja chetu: mawe ya volkano matupu, makali kama meno ya mbwa, na Mama kwa ule mguu alikuwa anashinda ndani kama kuku anayeatamia. Sasa atakaa nje na kuwatukana wapita njia kwa raha zake.

Nilikwenda Birere kwa duka la vyuma la Papa Edmond kutafuta visi, ile misumari ya kuzungusha, na turnevisi ya kuikazia. Karite yote, mutaa muzima, ilicheka. Guylain, yule wa chukudu, aliniuliza kama najenga baraza ao natengeneza radio, sababu hapa kwetu mbao inapigwaga musumari, basi. Nikamwambia anyamaze, yeye na baiskeli yake ya mti ya kubebea mizigo.

Papa Edmond alinionyesha mashini ya batri, inayokaza visi yenyewe ikilia kama nyuki. Nilikataa. Akamwaga mezani vile vichwa vidogo vya chuma unavyoingiza kwenye mukono wa turnevisi. Cha bapa kinatelezaga, kinakutoboa kidole. Cha musalaba kiko namna mbili, mapacha kabisa, ila kimoja kina mistari midogo katikati. Ukikosea, unakula kichwa cha visi mpaka kinabaki shimo la mviringo, haikazi tena wala haitoki. Papa Edmond alisema musalaba unamutosha mukristu yeyote, nikauchukua. Mimi fundi mkubwa nikachanganya mapacha wale, nikaharibu planshe nzima ya mbao, nikasema ni kosa la mvua. Nilirudi nikachukua cha nyota, chenye meno sita. Hicho kinaingia mpaka ndani, kinashika, hakili kitu. Na mukono nilichagua munene, usiotoroka hata kiganja kikitoa jasho.

Mama peke yake hakucheka. Alikasirika. Alitaka misumari. Alisema nyumba ya marehemu Papa kule Masisi ilikuwa ya misumari, na mutu anayepiga musumari anaonyesha kwamba amefika. Tangu mizinga ianze kusikika upande wa Sake, anarudilia neno moja: aliacha nyumba Masisi, akaacha ya pili Sake, hii ya tatu haiachi, waje wamukute humo humo. Jirani wanafunga mizigo, yeye anapepeta maharagi. Nilimuomba, padri alimuomba, wewe mwenyewe ulimuomba kwa simu ukalia. Ni bure. Basi nikamudanganya kwamba visi ni kwa uzuri tu, zinang'aa.

 Pikipiki ikipiga kelele barabarani, nasimama. Nakaza visi, nafungua, nakaza tena.

Sasa nikuambie kweli, lakini isifike kwa Mama Kasoki, yule anasemaga. Ile si baraza. Ni vipande vinne, na nilivipimia juu ya chukudu ya Guylain wakati yeye alikuwa anakunywa. Unakumbuka siku ile Masisi, Papa aking'oa mbao za nyumba kwa nyundo? Kila musumari ulitoka na kipande, planshe zikapasuka zote, tukaondoka mikono mitupu. Hizi zangu zitafunguka kabla chungu hakijachemka. Mashini ya batri niliikataa sababu hiyo: siku ya kukimbia, nani atangojea kurant ya kujaza batri? Kama Mama haachi nyumba tena, basi nyumba itamufwata, hata ikiwa ni sakafu tu, yeye akikaa juu, Guylain akisukuma, mimi nikitukanwa.

Juzi nilimaliza. Mama alitoka, akakaa, akapapasa visi kwa kidole, kisha akaniomba turnevisi. Nilifikiri anataka kuitupa. Akafungua visi moja mwenyewe, polepole, akaitazama, akairudisha. 

Asubuhi yake kichwa cha nyota hakikuwepo! Nilipekua kote, nikashitaki watoto wa jirani, ikabaki kidogo nipigane na Guylain. Mama aliniacha nitukane watu mpaka nikachoka. Kisha akanionyesha pembe ya kikwembe chake: alikuwa amefunga humo kile kichwa cha nyota, pamoja na rozari. Akasema mimi ni mutoto wa ovyo, napotezaga vitu, na siku ile ikifika hatakuwa na nafasi ya kuningojea nikitafute.

Kwa hiyo fagia ile nafasi nyuma ya jiko lako, yaya, na usiweke mawe. Mwambie shemeji apunguze kula, wageni wanaweza kufika. Mama anakubariki; amesema pia unenepe kidogo.

Ni mimi mudogo wako, ambaye huwezi kumukana,

Fundi Zéphirin