Spika Zangu Zimemgeuza Mkwe Kuwa Bati

Mpendwa Shangazi Yudith, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijamkosa Raheli, binti ninayetaka kumwoa, kwa ajili ya redio ya gari, mimi ni dereva wa pikapu ya kubeba kabichi huku Mgwashi, na tangu biashara zifunguliwe na vitu vya nje vijae madukani nilijinyima nikanunua spika kubwa kuliko za magari yote ya huku, nikazifunga kwenye redio ileile ndogo iliyokuja na gari. Sasa baba yake Raheli, Mzee Elisante, anaimba besi kwenye kwaya ya usharika, na kwaya imetoa kanda yake ya kwanza, nami siku mjomba wangu Tobia alipokwenda kwao ng'ambo ya bonde kupeleka posa nikaegesha gari kwenye kona upande wetu, nikaweka kanda pale mzee anapoimba peke yake, nikafungua sauti mpaka mwisho ili ng'ambo wasikie ninavyomheshimu, kumbe ikatoka inakwaruza na kupasuka kama bati linalogongwa, watu mashambani wakaacha majembe wakacheka, na sasa wanamwita Mzee Bati hadi mlangoni mwa kanisa. Mjomba alirudi na posa yake. Mzee alimwambia, "Aliyenidhihaki mbele ya bonde zima hataoa kwangu." Raheli analia, mimi silali, nafikiria kununua spika kubwa zaidi nirudie palepale ili wasikie sauti yake halisi. Nifanyeje?

Fanueli, Mgwashi

Marahaba mwanangu. Pole sana, na nisamehe, nimecheka kwanza. Ni kweli sisi watu wa milimani tumezoea kuitana toka upande huu wa bonde hadi ule, lakini hata bibi zetu walijua posa haipigiwi kelele. Mshenga yuko ndani anapima maneno, wewe nje unapasua spika!

Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio hapa Lushoto, kwa hiyo hili halinishindi. Spika zako hazina kosa, na koo la mzee halina kosa. Redio ya gari ina nguvu kidogo. Ukiifungua mpaka mwisho inaishiwa pumzi na kukatakata sauti, na besi ndiyo huumia kwanza kwa kuwa inakula nguvu nyingi. Spika kubwa zaidi zitatangaza makwaruzo hayohayo. Tafuta amplifaya ya kuipa sauti nguvu, uifunge pembeni, ikae chini ya kiti, ivute umeme wake kutoka kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi. Redio uifungue nusu tu, amplifaya uipandishe polepole, ukisikia mkwaruzo urudi nyuma. Na kile kitufe cha besi ulichokizungusha mpaka kikagoma, maana najua ulikizungusha, kirudishe katikati.

Ila amplifaya haiombi radhi, utaomba wewe. Endesha mpaka kwao redio ikiwa imezimwa. Mwambie mzee ulitaka kumsifu ukamwaibisha, na usijifiche nyuma ya maneno ya ufundi. Kisha umwombe apande kiti cha mbele, ufunge milango, uweke kanda kwa sauti ya maongezi. Huyu ameimba miaka yote katikati ya watu, huenda hajawahi kuisikia vizuri sauti yake mwenyewe. Raheli usimtaje kabisa. Akikuambia urudishe kanda nyuma asikie tena, irudishe, ushuke taratibu, ukamwite mjomba Tobia arudi na posa.