Mdogo Wangu Amepata Kazi, Nimrudisheje Nyumbani?

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kabla mambo hayajaharibika zaidi, maana mdogo wangu Kalama ana miaka thelathini na moja na anaugua skizofrenia, mwaka wa sita huu, na mimi ndiye ninayemtunza tangu mama afariki, na sote hapa Magarini tunajua hawezi kazi. Akiamka huteka ndoo nne za maji, akapeleka mbuzi malishoni, akalima, akaangua nazi, jioni akawaogesha watoto wangu, basi, siku nzima amepumzika tu, simsumbui. Sasa miezi miwili iliyopita kaenda Malindi bila kuniambia akapata kazi kwenye kitalu cha miche cha mama mmoja wa bara aitwaye Waruguru, ambaye humruhusu kuingia saa tatu kwa sababu dawa humwachia usingizi asubuhi, na siku ya sindano ya ugonjwa wake humpa nafasi aende kliniki. Nikaogopa, maana kazi za watu zina mawazo na mawazo yatamrudishia zile sauti alizokuwa akizisikia kichwani, nikamwendea Waruguru kimyakimya nikamweleza kwamba huyu ni mgonjwa wa akili, amwachishe kazi mapema. Akanijibu, "Aliniambia mwenyewe siku ya kwanza. Wewe umekuja kuniambia nini?" Kalama alipojua hakugomba, alikusanya nguo zake akapanga chumba hukohuko Malindi, na simu zangu hapokei. Ila kadi yake ya kliniki aliisahau kwangu na sindano ni Jumatano, nikaifungia kabatini, labda itamleta. Nifanyeje arudi apumzike?

Kahaso, Magarini

Bi Easter anajibu:

Marahaba, Kahaso. Pole kwa msiba huu mzito wa ndugu yako kupata kazi. Nimesoma anayoyafanya mtu asiyeweza kazi, nikachoka mimi niliyekaa kitini. Kumbe kwako kazi ni ile inayolipwa, isiyolipwa inaitwa mapumziko. Na sasa maji anateka nani? Hilo hukuliandika, lakini nimelisoma.

Najua umeteseka. Miaka sita na mtu anayesikia sauti si mchezo, na huenda bila wewe asingefika kwenye hicho kitalu. Lakini wengi wenye ugonjwa huu hufanya kazi vizuri wakipata dawa, saa zinazowafaa na bosi anayeelewa. Kalama amevipata vyote, tena amejieleza mwenyewe kwa ujasiri ambao wewe na mimi hatuna. Kilichobaki kumkwamisha ni dada mwenye huruma.

Kuhusu kadi sitanii. Akikosa sindano, sauti zikarudi, akafukuzwa, utawaambia majirani ulijua tangu zamani kwamba hawezi. Itoe kabatini leo. Jumanne panda gari uende Malindi, umkabidhi mkononi, umwombe radhi yeye kwanza, kisha Waruguru. Usimtajie habari ya kurudi. Usingizi ukimzidi, mwambie aongee na daktari wake, asipunguze dawa mwenyewe.

Barua yako yote ni Kalama, Kalama, na hakuna neno hata moja alilolisema yeye. Ukifika, muulize kazi inaendaje, kisha unyamaze mpaka amalize. Halafu rudi nyumbani. Ndoo iko palepale alipoiacha.