Jina Kwenye Paji la Kilonzo

Kamenu, Thika
4 Machi 1996

Kwa dada Kalondu,

Niaje huko Ruiru? Kahawa bado inakuchuna vidole? Mimi niko poa, na sasa niite daktari! Ndiyo, mimi huyu niliyetoroka darasa la sita. Sista Magdalene wa zahanati anatufundisha huduma ya kwanza, maana ambulensi haifiki mtaa wetu. Damu ikiruka, unafunga kitambaa juu ya kidonda, unakaza na kijiti, halafu unaandika saa kwenye paji la mgonjwa, hospitali ijue. Hakuna anayekaza kunishinda. Uliza yeyote.

Nikikaza namkumbuka baba. Mashine ilimkata mkono, supavaisa Kilonzo akakataa kutoa pikapu ya kampuni, ati itachafuka. Tukamsukuma kwa mkokoteni, akafika hospitali ameisha. Sasa Kilonzo amehamia ploti ya nyuma yetu. Nilimuuliza kama anamkumbuka baba. "Yupi huyo?" akasema.

Nduguyo, Nzau

Ruiru
19 Machi 1996

Kwa mdogo wangu Nzau,

Nafurahi u mzima. Mimi ni kikohozi tu. Daktari gani hajui kufua shati? Sikiza: Kilonzo akianguka mbele yako, weka mikono mfukoni. Ukimgusa, usikanyage kwangu.

Dada yako, Kalondu

Kamenu
2 Juni 1996

Kwa dada,

Kikohozi kiliisha? Mimi sijambo, ila naogopa kalamu hii.

Wiki iliyopita Kilonzo alikuwa anaezeka choo, bati likamkata paja. Damu mfereji. Mke wake akaniita. Nikasimama, mikono mfukoni, kama ulivyosema.

"Nzau, kijana wangu, nisaidie."

"Sema jina la baba kwanza."

Hakulijua, dada! Midomo ikaanza kuwa myeupe.

Nikamfunga. Nikakaza mpaka akamwita mamake, na sikudanganyi, nilifurahia. Halafu nikatoa felt pen ya Sista, kalamu ile haitoki kwa maji, nikaandika kwenye paji: SAA TANO NA DAKIKA KUMI. Chini yake, herufi kubwa: ZACHARIA. Nikampakia kwa mkokoteni.

Hospitalini nesi akasoma: "Zacharia, leta mkono nipime presha." Kilonzo akafungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Siku tatu wadi nzima ilimwita jina la baba, na kila mara aliitika.

Nije, ama nisikanyage?

Nduguyo, Nzau

Ruiru
11 Juni 1996

Mdogo wangu,

Kikohozi kiliisha. Njoo Jumapili, nitapika muthokoi. Hiyo kalamu uje nayo.

Dada yako