Mfupa wa Mama Usichuliwe

Baba Pazi,

Ile kata ya maji iliyoanguka alfajiri gizani, ukasema ni paka ukaenda zako shamba, aliiangusha mama yako. Nilimkuta kashika nyonga, analia: “Mkwe wangu, saratani ya kizazi imerudi.” Nikampeleka hospitali, wakampiga picha. Haijarudi, alhamdulillahi! Mfupa umepata ufa. Ile miale iliyomponya saratani mwaka jana iliudhoofisha. Siilaumu. Bila hiyo tungekwisha mzika.

~~Bi Mwajabu akija kumchua, mpe mafuta.~~

Bi Mwajabu akija, mpe kahawa, umkatalie kwa adabu. Daktari amekataza kabisa kuchua. Wali umo chunguni. Nafuata magongo.

Mama Pazi

Mwanao kapanda kitandani kwa bibi yake, anamwambia: “Bibi, leo nalala kwako.”